Kinundu Kilichovaa Sura ya Saratani

Kuna uvimbe mdogo unaoota aghalabu katika ulimi, na pengine katika ngozi ya kifua, ya mgongo au ya mkono, ambao una tabia ya kuwahadaa watu wawili kwa pamoja: mgonjwa aliyeupata, kwa sababu hana la kuudhania ila saratani, na tabibu anayeutazama kwa hadubini, kwa sababu sehemu yake ya juu hufanana na saratani kwa kiasi cha kumtia shaka hata mtu aliyekwisha maliza miaka mingi akisoma vioo vya maabara. Matabibu huuita uvimbe wa seli zenye punje. Hauambukizi, hausababishwi na jicho la hasidi, na katika visa vilivyo vingi mno hauui mtu. Lakini ni machache maradhi ya ngozi yanayoonyesha bayana kuliko huu jinsi hukumu ya maabara inavyopatikana, na mahali ambapo hukumu hiyo yaweza kupotea njia.

Humpata mtu wa umri wowote, hususani walio baina ya miaka 30 na 60, na wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, takriban wawili kwa mmoja. Takwimu za Marekani, ambako watu weusi na weupe huandikwa katika daftari moja la hospitali na kwa hiyo yawezekana kuwalinganisha, zimeonyesha tangu zamani kwamba wenye asili ya Afrika huupata zaidi kuliko wengine. Basi msomaji wa huku kwetu asidhani kwamba anasimuliwa habari ya ugenini. Karibu nusu ya visa vyote hutokea kichwani na shingoni, na huko ulimi ndio makao makuu. Hupatikana pia katika koo la sauti, katika umio, na katika ziwa la mwanamke, ambako huwa mgumu na wenye kingo zisizo dhahiri, hata mkono wa daktari na picha ya eksirei vyote viwili vikaafikiana kushuku saratani iliyo mbali nao kabisa.

Aliye nao hahisi maumivu. Huugundua anapopiga mswaki, au ulimi unapogota katika jino, au mwenziwe anapomwuliza ana nini mdomoni. Ukiguswa ni mgumu, umeshikamana na nyama iliyo chini yake, nao kwa kawaida hauzidi sentimita 2; juu yake hakuna kidonda, na rangi yake hukaribia weupe au umanjano uliofifia. Katika ngozi huwa wa rangi ya kahawia au wekundu hafifu, na pengine uso wake huwa mkavu wenye kukwaruza. Hukua polepole, kwa miezi au miaka. Daktari wa meno au wa ngozi akiutazama kwa jicho tupu hawezi kukata shauri kama ni kovu la kujing'ata, au kinundu cha mafuta, au chunjua, au mwanzo wa jambo zito, kwa hiyo hufanya lile lililo sawa: hukata kinyama akakipeleka kupimwa.

Wagonjwa wengi hudhani kwamba kinyama hicho huwekwa chini ya kioo saa ile ile, na kwamba jibu likichelewa ni kwa ajizi ya watu wa maabara. Ajizi huenda ikawapo, lakini safari yenyewe ni ndefu. Kwanza kinyama hutiwa katika fomalini ili kisioze, dawa ambayo uwezo wake wa kuhifadhi nyama ulitambuliwa na Ferdinand Blum wa Ujerumani mwaka 1893. Kisha hupitishwa katika spiriti ya nguvu inayoongezeka hatua kwa hatua hata maji yote yatoke, ikafuata dawa ya kuiondoa spiriti, na mwishowe nta iliyoyeyushwa huingia mahali pote palipokuwa na maji. Nta ikiganda, nyama na nta huwa kitu kimoja kigumu, nacho hukatwa kwa mashine yenye wembe mkali katika utando wenye unene wa maikroni 3 hadi 5, yaani sehemu tatu hadi tano za elfu ya milimita moja. Utando huo huelea juu ya maji ya vuguvugu, na fundi huuopoa kwa kioo kwa mkono ambao haupaswi kutetemeka, maana ukikunjika pale, tabibu atasoma kunyanzi la fundi na kulidhania ni jambo la maumbile ya mgonjwa.

Utando huo hauna rangi, na ukitazamwa hivyo hivyo hauonyeshi kitu. Rangi mbili huutia uhai. Moja ni hematoksilini, itokayo katika moyo wa mti uotao Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, mti ule ule ambao biashara yake ya kutia nguo rangi iliwagombanisha Waingereza na Wahispania zama za merikebu za tanga. Rangi hii hushika kiini cha seli kikawa cha samawati iliyokolea. Ya pili ni eosini, rangi ya kiwandani, ambayo huipaka sehemu iliyobaki ya seli waridi. Nimeona kwamba watu husikia majina ya mashine mpya za hospitali wakastaajabu, na ni wachache wanaojua kwamba hukumu nyingi za saratani ulimwenguni hata leo hutegemea gogo la mti na wembe.

Sasa msomaji na aketi mahali pa tabibu. Kioo kimewekwa, taa imewashwa, na lenzi ndogo imeletwa mbele ili kwanza aone eneo zima kabla ya kuzama katika jambo moja. Tabaka la juu la ulimi au la ngozi, ambalo kwa mtu mzima wa afya lingekuwa na unene wa kadiri na mpaka wa chini wenye mawimbi ya utulivu, hapa limenenepa na kuteremsha vidole virefu kwenda chini. Vidole vyenyewe vimegawanyika matawi, na baadhi ya ncha zake, kwa namna wembe ulivyopita, zaonekana zimekatika na kubaki peke yake ndani ya nyama kama kwamba zimevamia. Katikati ya visiwa hivyo mna viduara vya keratini, ile dutu ngumu inayofanya kucha na unywele. Mwanafunzi yeyote wa tiba akiulizwa ni nini dalili za saratani ya seli bapa, hizi ndizo atakazozitaja: vidole vinavyoshuka, visiwa vilivyojitenga, viduara vya keratini.

Na katika nchi zetu jicho la tabibu limezoea kuiona saratani hiyo yenyewe. Watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kuwakinga na jua, hupata saratani ya seli bapa wakiwa vijana, na vinyama vyao hufika katika maabara za Tanzania na za majirani zake wiki baada ya wiki. Jicho lililozoea kitu hukiona upesi, na hiyo ni sifa yake. Lakini hukiona pia pale ambapo hakipo. Ikiwa daktari aliyekata alikwangua juu juu tu, kwa huruma ya kutotaka kumwumiza mgonjwa au kwa haraka, basi juu ya kioo hakuna kingine cha kutazama ila vidole hivyo na viduara hivyo, na tabibu mwaminifu asiye na kosa lolote aweza kuandika neno saratani na kutia saini yake. Imeandikwa si mara moja katika elimu ya tiba kwamba dhana hii imewafikisha watu katika upasuaji mkubwa wasiouhitaji.

Jambo lenyewe liko chini ya tabaka hilo. Kinyama kikiwa na kina cha kutosha, tabibu husogeza kioo kidogo, akabadili lenzi, na huko chini hukuta umati wa seli kubwa zenye pembe pembe, za waridi iliyopauka, zilizobanana hata mpaka wa moja na nyingine hauonekani vyema. Kiini cha kila moja ni kidogo, cheusi, kimetulia katikati. Mwili wa seli wote umejaa punje ndogo ndogo mno, zilizolingana, na hapa na pale pana punje kubwa zaidi iliyozungukwa na duara jeupe, ambayo matabibu huiita kwa jina la Mfaransa Milian. Seli hizi hazina gamba la kuzizuia. Hupenya baina ya nyuzi za msuli wa ulimi na baina ya nyuzi za ngozi, na mara nyingi huonekana zimeuzunguka mshipa mdogo wa fahamu. Aliyeziona mara moja hazisahau. Aliyezikosa kwa sababu wembe wa mkataji haukufika, hana njia ya kuzikisia.

Akishaziona, hurudi juu na kuvisoma upya vile vidole vilivyomtisha. Sasa hutambua kwamba seli za vidole vile ni tulivu, viini vyake vinafanana, zinazogawanyika ni chache na ziko mahali pake, na kwamba vidole havishuki kupita pale zilipo seli zenye punje. Tabaka la juu limevimba kwa sababu ya jirani aliye chini yake. Hata hivyo haimpasi kukimbilia furaha, maana kwa nadra sana saratani ya kweli ya tabaka la juu na uvimbe huu vimekutwa mahali pamoja; akiona viini vilivyoharibika na kutofautiana, au vidole vilivyovuka mpaka wa seli zenye punje, itamlazimu kusema hivyo.

Shaka ikibaki, maabara ina njia za kuiondoa. Ipo rangi iitwayo PAS, ambayo huzipaka punje hizi wekundu wa zambarau. Lakini rangi hiyo huipaka vile vile sukari ambayo seli huihifadhi kwa akiba, kwa hiyo kioo cha pili hutiwa kimeng'enya cha kuila sukari hiyo kabla ya kupakwa rangi. Sukari ikiliwa, wekundu hutoweka. Punje za uvimbe huu haziliwi, nazo hubaki nyekundu. Katika maabara za zamani, chupa ya kimeng'enya ilipokosekana, fundi alitumia mate yake mwenyewe, kwa kuwa mate ya binadamu yana kimeng'enya cha jinsi hiyo hiyo: alitema juu ya kioo, akangoja, akaosha, akaendelea na kazi. Huenda wako wanaochukizwa na habari hii. Mimi huiona ni ujuzi wa kuheshimiwa.

Njia ya pili ni ya kingamwili. Protini iitwayo S100 hupatikana katika seli zinazovika mishipa ya fahamu na katika seli za rangi ya ngozi, na kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili yake ikitiwa juu ya kioo hushika protini hiyo na kuifanya ionekane ya kahawia. Uvimbe wa seli zenye punje hugeuka kahawia wote kwa pamoja. Kipimo hiki ni ghali na si kila maabara inacho, lakini kwa rai yangu tumeanza kukitukuza kupita kiasi: kioo cha rangi mbili za kawaida, kikiwa na kina, humaliza kesi nyingi, ilhali kingamwili ya bei kubwa haiwezi kufufua nyama ambayo haikukatwa.

Pana mwigo mmoja unaotuhusu sisi hasa. Katika ukoma wa aina ile yenye bakteria wengi, ngozi hujaa seli za ulinzi zilizovimba na kupauka, nazo pia hupenda kukaa kando ya mishipa ya fahamu, hata mtazamaji wa haraka aweza kuuchanganya ugonjwa mmoja na mwingine. Lakini seli za ukoma zina povu la matundu matundu, hazina punje zilizolingana, na rangi maalumu ya bakteria hao huwaonyesha ni vijiti vyekundu vilivyolala pamoja ndani ya seli. Tabibu wa Ulaya huenda asikumbuke kuuliza juu ya ukoma. Aliye Tanzania hana udhuru.

Jina linalohusishwa zaidi na uvimbe huu ni la Aleksei Abrikosov wa Moscow, aliyezaliwa mwaka 1875 katika ukoo uliotajirika kwa viwanda vya peremende, akauacha utamu huo na kuchagua elimu ya maiti na tishu. Ndiye aliyeuchunguza mwili wa Lenin Januari 1924. Mwanawe, aliyechukua jina lile lile, alikuwa mwanafizikia na akapata tuzo ya Nobel mwaka 2003. Mwaka 1926 baba huyo aliandika juu ya vivimbe hivi, na kwa kuwa alivikuta vimejipenyeza baina ya nyuzi za msuli wa ulimi, alihukumu kwamba asili yake ni seli changa za msuli. Ilikuwa dhana ya mtu mwenye akili aliyeona alichokiona, nayo ilitawala vitabu kwa miongo mingi, ingawa mwaka 1935 Friedrich Feyrter alikwisha toa rai kwamba asili iko katika mishipa ya fahamu. Mwaka 1962 Fisher na Wechsler walizitazama seli hizi kwa hadubini ya elektroni, wakasema waziwazi kwamba jina la msuli lilikuwa kosa. Na kingamwili ya S100 ilipokuja kutumika katika miaka ya 1980, wengi wa waliobaki na shaka waliridhika kwamba uvimbe huu hutokana na seli zinazovika mishipa ya fahamu.

Punje zenyewe zimepata maelezo karibuni zaidi. Karibu kila seli ya mwili ina vifuko vidogo vyenye asidi, ambavyo ni sawa na tumbo lake: takataka na mabaki huingia humo yakasagwa. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba katika vivimbe vingi vya namna hii imeharibika mojawapo ya jeni mbili, ATP6AP1 au ATP6AP2, zinazosaidia kazi ya kutia asidi katika vifuko hivyo. Asidi ikipungua, kilichoingia hakisagiki, vifuko hujaa na kurundikana, na rundo hilo ndilo tunaloliona chini ya lenzi kwa sura ya punje. Kwa hiyo mgonjwa anayeuliza alikula nini hata akapata kinundu hiki ajibiwe kwamba hakuna alichokula. Ni hitilafu iliyotokea katika seli za mahali hapo pekee.

Si haki kuficha kwamba sehemu ndogo ya vivimbe hivi, baina ya asilimia 1 na 2, ni viovu kweli na huweza kusambaa. Mwaka 1998 Fanburg-Smith na wenzake walitaja alama sita za kuvitambua: seli zilizokufa kwa mafungu, seli zilizorefuka na kuchongoka, viini vilivyo wazi vyenye kitone kikubwa ndani, mgawanyiko wa seli uliozidi kadiri, kiini kuwa kikubwa kulinganisha na mwili wa seli, na seli kutofautiana mno kwa sura. Zikipatikana tatu au zaidi, uvimbe huhesabiwa kuwa muovu. Zikiwa moja au mbili, huwekwa katikati, na mgonjwa hufuatiliwa. Uvimbe wa kupita sentimita 5, au uliokua ghafla, humfanya tabibu azitafute alama hizo kwa bidii zaidi.

Kwa hiyo yale yanayoamua mara nyingi hutendeka kabla ya kinyama kufika maabara. Daktari anayeshuku kinundu kigumu cha ulimi na akate kwa kina, afike chini ya tabaka la juu, au akitoe chote ikiwa ni kidogo. Na karatasi inayofuatana na chupa ijazwe. Nimeziona karatasi zilizoandikwa neno moja tu, "uvimbe", pasipo umri, pasipo mahali, pasipo muda, kana kwamba tabibu wa hadubini ni mpiga ramli anayepaswa kujaribiwa. Laiti ingeandikwa kwamba mgonjwa ni mwanamke wa miaka 40, kinundu kiko juu ya ulimi, kina miaka miwili, hakina kidonda, na mgonjwa havuti wala hatafuni tumbaku, msomaji wa kioo angesita mbele ya vile vidole na kuomba kinyama kingine kabla ya kutia saini.

Tiba yake ni fupi kueleza: hukatwa pamoja na ukingo mwembamba wa nyama nzima, na ukitoka wote ni nadra kurudi. Wagonjwa wachache huwa na kinundu zaidi ya kimoja, kwa hiyo daktari hukagua ngozi yote na mdomo.

Ama yule aliyekwisha pewa barua isemayo saratani ya ulimi, ilhali kinundu chake ni kidogo, cha siku nyingi, kisicho na kidonda, na ajue kwamba kile kipande cha nta hakikutupwa. Hukaa katika kabati la maabara kwa miaka, na fundi aweza kukikata tena, akakipaka rangi upya, kikasomwa na mtu mwingine. Mgonjwa aweza kumwomba daktari wake kwamba vioo na nta vipelekwe kwa msomaji wa pili kabla ya siku ya upasuaji kuwekwa. Ikiwa ndani ya nta hiyo mna tabaka la juu peke yake, msomaji huyo wa pili hatakuwa na jibu bora kuliko la wa kwanza, ila ataomba kinyama kingine, chenye kina.